Jinsi ya kumchagulia aksoloti chakula kitakachomjenga

Kila anayeanza kufuga aksoloti, yule amfibia mwenye mkia anayeishi majini, huniuliza habari ya chakula kabla ya mengine, na jibu langu ni lile lile: kwa aliyekua, nyungunyungu ndiye chakula, vingine vyote ni nyongeza. Ila jibu hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu mtoto aliyeanguliwa juzi hawezi kummeza nyungunyungu, na mkubwa anayelishwa nyungunyungu kila siku atanenepa kupita kiasi. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na mdomo wake

Aksoloti ni salamanda wa Meksiko, kutoka maji ya Xochimilco, eneo la mifereji kusini mwa Jiji la Meksiko, na ni mla nyama. Majani na mboga hazimfai kitu. Meno anayo, lakini ni madogo mno. Yanamsaidia kushika windo lisiponyoke, si kutafuna. Anachokula anakimeza kizima.

Mtazame kwa karibu anapokula. Hutulia, kichwa kimeelekea windo, kisha mdomo unafunguka ghafla na maji yanavutwa ndani kwa nguvu pamoja na kila kilichokuwa mbele yake. Koo linatuna, na mara nyingi utaona kipande cha nyungunyungu kimening'inia pembeni mwa mdomo kwa muda, kinapepesuka, mpaka avute tena na kukimaliza.

Hapo ndipo kanuni za kuchagua chakula zinapotoka. Kiwe laini. Kisiwe kipana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake. Na chini ya tangi pasiwe na changarawe, kwa kuwa atazivuta pamoja na chakula na zinaweza kumziba utumbo. Acha sakafu tupu, au weka mchanga laini sana kwa mnyama aliyekwisha kukua kiasi.

Hatua ya 2: Mpime urefu

Watoto wachanga huishi kwa kiini cha yai walichobaki nacho tumboni kwa siku mbili au tatu hivi za mwanzo. Baada ya hapo wanataka chakula hai, tena kinachotembea, kwa sababu katika umri huo hushambulia kile wanachokiona kikicheza mbele yao. Kilichokufa watakipita kana kwamba hakipo.

Chakula bora hapa ni artemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi, wakiwa ndiyo kwanza wameanguliwa. Mayai yao makavu yatie kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 hadi 28, weka pampu ya hewa iyachezeshe, na kwa saa 24 hadi 36 utaona vidoa vya rangi ya chungwa vikiogelea. Wachuje kwa kitambaa chenye matundu madogo sana, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha wape watoto mara moja au mbili kwa siku. Artemia hawadumu katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mabaki yanyonye kwa bomba siku hiyo hiyo. Dafnia wadogo, yaani viroboto wa maji, wanafaa pia, na hao huishi ndani ya tangi bila shida.

Usiwabane kwa njaa. Watoto wenye njaa waliorundikana hung'atana miguu na matamvua, yaani yale manyoya ya kupumulia pembeni mwa kichwa. Viungo huota tena, kweli, lakini kidonda ni mlango wa kuvu.

Wakifika sentimita 5 hivi, miguu yote minne ikiwa imeota, anza kuwapa nyungunyungu waliokatwa vipande vidogo na punje laini za chakula cha dukani. Wengi huelewa upesi, hasa ukikitikisa kipande mbele ya pua kwa kibano chenye ncha butu.

Hatua ya 3: Mfanye nyungunyungu awe msingi

Nyungunyungu ana protini nyingi, mwili laini usio na gamba, na virutubisho vilivyokaa kwa uwiano ambao chakula kingine kimoja hakiufikii kirahisi. Aksoloti anaweza kukua na kuzeeka akimtegemea yeye.

Jambo la kuangalia ni alikotoka. Usichimbe mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu au kumwagiwa mbolea ya viwandani. Ngozi ya aksoloti hupitisha kemikali kwa urahisi. Nunua kwa mfugaji wa nyungunyungu au wafuge mwenyewe kwenye kasha la udongo wenye unyevu. Kabla ya kulisha, wasuuze kwa maji yaliyoondolewa klorini. Aliye mrefu mno mkate katikati.

Wale wembamba wekundu wa mboji hutoa majimaji ya njano yenye harufu, na aksoloti wengi huwatema. Akimtema, usimlazimishe. Tafuta aina nyingine.

Hatua ya 4: Ongeza vingine kwa kiasi

Punje zinazozama za wanyama wala nyama ni akiba nzuri. Chagua zenye protini ya asilimia 40 au zaidi, na zile zinazoanza na samaki au kamba katika orodha ya viambato, si nafaka. Mabuu mekundu ya usubi yaliyogandishwa hupendwa sana, lakini kwa mkubwa ni kitoweo cha mara moja moja, hayamshibishi.

Hatua ya 5: Vya kuacha kabisa

Samaki wadogo wa kulishia wanaweza kuleta vimelea, na jamii ya samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mabuu magumu ya mende wa unga yana gamba linalosumbua tumbo. Nyama ya ng'ombe, kuku au nguruwe ina mafuta yasiyomfaa kiumbe wa maji baridi.

Hatua ya 6: Pima kwa mwili wake, si kwa anavyoomba

Aksoloti hujifunza haraka kukufuata kwenye kioo, na ataomba hata akiwa ameshiba. Mwangalie kwa juu: tumbo likaribiane na upana wa kichwa. Likizidi, punguza, likiwa jembamba, ongeza. Wachanga hula kila siku. Aliyekua hutosheka na nyungunyungu mmoja au wawili kila baada ya siku mbili au tatu.

Baada ya dakika 20 hivi, toa kilichobaki. Chakula kinachooza huzalisha amonia, na amonia huunguza matamvua.

Akigoma kula, usikimbilie kubadilisha chakula. Pima maji kwanza: amonia na naitraiti, sumu nyingine itokanayo na uchafu, ziwe sifuri, joto liwe nyuzi 16 hadi 18. Maji yakikaribia nyuzi 24 mnyama anateseka, na hamu ya kula huondoka. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki nzima bila kula, hivyo una muda wa kurekebisha maji taratibu. Ila akigoma huku anaelea bila kuweza kushuka, matamvua yamejikunja kuelekea mbele, au ana utando mweupe kama pamba mwilini, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu amfibia bila kusubiri wiki iishe.