Kwenda Msimbati: Panga Safari kwa Mwezi

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na ufukwe wake wa Msimbati uko kilomita 40 na ushei kutoka Mtwara mjini. Lipa kiingilio, utunze risiti.

Kabla ya yote, tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, hujaa tena saa kumi jioni. Maji yanapopwa ndipo pa kutembea mwambani. Vaa viatu vya mpira, wala usikanyage matumbawe, maana tawi lililovunjika huchukua miaka kukua. Ukitaka kupiga mbizi, ngoja maji mafu, siku saba hivi baadaye. Mkondo hupungua nguvu na maji huwa maangavu; wakati wa bamvua mchanga hutibuka, na mkondo waweza kumchukua hata mwogeleaji hodari.

Nyangumi wa nundu hupita kuanzia Julai hadi Oktoba.

Gari? Mchanga ni laini: punguza upepo wa matairi, na likianza kuzama usikanyage mafuta, utalizika zaidi. Fukua mbele ya magurudumu, tandika makuti.