Marekani ikiongeza muda wa vikwazo vya Kongo: namna ya kumkagua mteja kabla ya kupakia mzigo Kigoma

Kila zinapokuja habari kwamba Rais wa Marekani ameongeza mwaka mwingine wa hali ya dharura kuhusu Kongo, bandarini Kigoma na Kibirizi huzuka hofu kwamba biashara na ng'ambo ya ziwa imefungwa. Haijafungwa. Vikwazo hivyo havilengi nchi nzima, vinalenga watu na kampuni zilizotajwa kwa majina. Saruji, chumvi ya Uvinza na unga vinaweza kuvuka kwenda Kalemie au Uvira, mradi ujue unamuuzia nani na nani analipa.

Dharura hiyo ilitangazwa kwa Amri ya Rais namba 13413 ya 27 Oktoba 2006, ikapanuliwa mwaka 2014. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1976, dharura hufa yenyewe inapotimiza mwaka, isipokuwa Rais achapishe ilani ya kuiendeleza na kuipeleka bungeni ndani ya siku 90 kabla ya tarehe hiyo. Kwa Kongo, basi, ilani hutoka kati ya 29 Julai na 27 Oktoba. Yenyewe haiongezi jina wala haifuti jina. Kazi yake ni kuyapa uhai mamlaka ya Wizara ya Fedha ya Marekani ya kuzuia mali za walioorodheshwa.

Cha kuogopa ni orodha, maana hubadilika siku yoyote. Tarehe 25 Julai 2024 uliingizwa Alliance Fleuve Congo, muungano wa waasi wenye kundi la M23 ndani yake. Tarehe 20 Februari 2025, siku chache baada ya Bukavu kutekwa, waliingizwa James Kabarebe, waziri wa Rwanda wakati huo, na Lawrence Kanyuka, msemaji wa waasi hao, pamoja na kampuni mbili za Kanyuka, Kingston Fresh na Kingston Holding, zilizosajiliwa Uingereza na Ufaransa. Ziangalie vizuri hizo kampuni: ukiona jina tu kwenye ankara, hakuna kinachokuonyesha Kongo.

Haya yanakugusa kwa sababu ya dola. Malipo ya dola kutoka benki ya Lubumbashi kuja benki yako Kigoma kwa kawaida hupitia benki iliyoko Marekani, na benki hiyo hupitisha kila jina kwenye orodha.

Ukaguzi ufanye kabla hujatoa ankara ya awali. Mwombe mteja namba yake ya usajili wa biashara (RCCM), namba ya utambulisho wa kitaifa wa biashara (Id. Nat.) na nakala ya kitambulisho, ambacho kwa Wakongo wengi ni kadi ya mpiga kura. Nakili majina yote matatu yaliyomo: nom, postnom na prénom. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mteja anajulikana mwaloni kwa jina moja la utani au la ubatizo, na hilo ndilo linaloandikwa kwenye ankara. Benki ikitafuta jina la nusu, inapata watu kumi wanaofanana naye na malipo yanakwama.

Ingia sanctionssearch.ofac.treas.gov, tovuti ya OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayosimamia vikwazo. Kipimo cha kufanana kwa majina huanza kwenye 100, kiwango ambacho kosa la herufi moja linaweza kulificha jina. Kishushe hadi 80 au 85, kisha tafuta kwa kubadilisha mpangilio: kamanda wa M23 Sultani Makenga, kwa mfano, ameandikwa pia Emmanuel Sultani Makenga. Jina likitokea, usikimbilie kumfukuza mteja. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, mahali na namba ya kitambulisho. Visipolingana, chapisha ukurasa huo na uuweke kwenye faili. Rudia zoezi kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa chini ya Azimio 1533 la 2004, ambayo Tanzania inalazimika kuifuata. Mwaka 2007 iliingiza Machanga na Uganda Commercial Impex, kampuni za dhahabu za Uganda. Wapiganaji hawako peke yao humo.

Kampuni isiyoonekana inaweza bado kuwa imezuiwa. Uliza hisa. Walioorodheshwa wakimiliki jumla ya asilimia 50 au zaidi, kwa mfano mmoja 30 na mwingine 25, kampuni nzima imezuiwa hata kama haimo kwenye orodha.

Kisha mkague mlipaji. Mteja akisema fedha zitatumwa na shemeji yake wa Dubai, shemeji naye akaguliwe, au ukatae. Hakiki vilevile mpokeaji wa mzigo na mwenye boti. Kwenye maelezo ya malipo iandikwe kazi yenyewe: "Ankara namba fulani, saruji mifuko 600 ya kilo 50, Kigoma hadi Kalemie." Neno "biashara" peke yake hualika maswali.

Malipo yakikwama, uliza benki yako swali moja: yamekataliwa au yamezuiwa? Yaliyokataliwa hurudi kwa mtumaji. Yaliyozuiwa hukaa kwenye akaunti maalumu Marekani, na kuyatoa kunahitaji kibali cha OFAC, jambo linaloweza kuchukua miezi. Kwa hiyo usipakie kwa kuonyeshwa stakabadhi ya kutuma. Ngoja fedha ziingie kwenye akaunti yako.

Dhahabu, bati, koltani na wolframu ni habari nyingine. Pasipo cheti cha madini cha ICGLR (jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu) na karatasi za Tume ya Madini, usiguse.

Faili lako litunze miaka 10, kwani tangu Aprili 2024 Marekani inaweza kufuatilia ukiukaji kwa muda huo. Dharura kwisha hakufuti kosa la nyuma: ya Burundi, iliyoanza Novemba 2015, ilifutwa 18 Novemba 2021, ila amri iliyoifuta haikugusa mashauri ya makosa yaliyotendwa ilipokuwa hai.