Kabla hujapanda mashua ya mbio za bahari kuu

Ukialikwa kuwa baharia katika mbio za matanga za wikendi, zile za kutoka Cowes, Uingereza, kuvuka hadi Cherbourg, Ufaransa, usikubali kabla hujaikagua mashua mwenyewe. Mwenye mashua akinuna, muache anune.

Anza na jaketi okozi. Liwe la nyutoni 150 (kipimo cha nguvu ya kukuelesha), lenye taa, na lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Bila mkanda huo jaketi likijaa linakupanda usoni. Lifungue uone mtungi wa gesi: umekazwa, hauna kutu?

Kamba ya kujifungia, jaribu ndoano zake. Usiku jifunge kabla hujatoka chumbani, upande wa joshini, upepo unakotoka.

Fataki za dharura zisiwe zimepita muda. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, kila mtu aijue, si nahodha peke yake, maana nahodha naye huanguka. Kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kisajiliwe kwa mashua hii, si kwa ile ambayo mwenyewe alikwisha kuiuza.

Sasa chelezo, kile cha kujaa gesi cha kuokolea watu mashua ikizama. Hapa simama, usiharakishwe. Kanuni za World Sailing, chama cha dunia cha mchezo wa matanga, zinataka kiwekwe mahali ambapo kitafikishwa ukingoni au kushushwa majini ndani ya sekunde 15. Lakini chelezo cha watu sita kinaweza kufikia kilo 30 au zaidi, na uzito ukikaa tezini, nyuma, au juu ya sitaha unaipunguzia mashua mwendo. Basi wako wanaokiweka mahali pake asubuhi, mkaguzi akatia saini, kisha kabla ya kung'oa nanga wanakishusha katikati, chini ya magunia ya matanga. Chelezo kimegeuzwa farumi, uzito wa kuituliza mashua.

Mashua moja tuliyoshindana nayo ilifanya hivyo. Jioni ilikuwa mbele yetu, inakwenda vizuri mno. Usiku usukani wake ukavunjika, na maji yakaingia kwenye tundu la mhimili wa usukani. Wawili wanafua maji, wawili wanavuta magunia yaliyolowa gizani, na mashua inalala ubavu kwa kila wimbi. Sisi tuliitikia redio, tukageuza, tukafika, na chelezo bado hakijatoka ngazini. Kilikuwa kimemwangukia kijana mmoja mkononi na kumvunja vidole. Walipona wote kwa sababu waliweza kuliziba lile tundu kwa mto na mbao. Chelezo hakikuwafaa kitu.

Kanuni ya 1.1 ya mbio inamlazimu kila mshindani kumsaidia aliye hatarini, na ya 61 inaruhusu kumfidia muda alioupoteza. Sisi tulifidiwa. Ila wale waliobeba chelezo mahali pake mwaka mzima, wakashindwa kwa dakika chache na watu wa namna hii, nani atawafidia? Kwa hiyo anayeniambia usalama ni shauri la nahodha na haki ni shauri la waamuzi, simkubalii. Kilo zile zile zinazomwibia mwenzako ushindi ndizo zinazokuibia sekunde zako 15. Siku ya kuondoka, baada ya ukaguzi, rudi ukakiangalie chelezo kilipo. Hakipo? Shuka.

Wala usikikimbilie chelezo mapema. Katika mbio za Fastnet za 1979, kati ya Uingereza na Ireland, zilizoanza na mashua 303, mabaharia 15 walikufa. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, na 19 kati ya hizo zilikutwa baadaye zikielea bado, huku baadhi ya vyelezo vikiwa vimepinduka na kupasuka. Maadamu mashua inaelea, kaa ndani yake.

Mengine unayajua: dawa za kichefuchefu, tochi ya kichwani, nguo kavu kwenye mfuko usiopenya maji. Soma utabiri wa hewa mwenyewe. Uliza nani mwingine anaweza kuirudisha mashua bandarini nahodha akiumia. Mwachie mtu wa nyumbani jina la mashua na saa mnayotarajia kufika, na kama hali imeharibika kabla ya kuanza, nahodha naye anasisitiza kwenda, shuka: nauli ya basi ya kurudi nyumbani haikushindi.