Namna ya kulitafsiri neno "charge" bila kubahatisha

Mtu anayepokea nyaraka za Kiingereza kutoka kwa watu wa fani mbalimbali, kama ninavyozipokea mimi katika ofisi yangu ndogo ya uchapaji na tafsiri hapa Mwanjelwa, Mbeya, hukutana na neno "charge" karibu kila siku, na mara nyingi huja na maana tofauti na ya jana. Kamusi itampa orodha ndefu bila kumwambia achague lipi. Ninachopendekeza ni kuanza na asili yake: neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, nacho kililipata katika kitenzi cha Kilatini kilichomaanisha kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. Kabla ya kuandika lolote, basi, jiulize ni mzigo gani, nani ameupakia, na ameupakia juu ya nani au juu ya nini.

Mzigo ukiwa ni fedha na mbebaji akiwa mteja, Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno. Benki au kampuni ya simu inayochukua chake ndani ya muamala wako inakukata, na hayo ni makato. Serikali ilipoweka kiasi chake juu ya miamala hiyohiyo mwezi Julai 2021, hiyo ilikuwa tozo, na aliyetuma fedha nyumbani wakati ule hahitaji kufundishwa tofauti. Shule hudai ada, na basi la Tukuyu hudai nauli. Ukiandika "gharama" kila mahali hutakuwa umedanganya, ila msomaji hatajua fedha yake inaishia mfukoni mwa nani.

Hapohapo kwenye fedha ndipo nilipowahi kuteleza. Viongozi wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa kutoka Mbozi waliniletea barua ya mkopo, na ndani yake mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba mkopeshaji ataweka "charge" juu ya mashine yao ya kumenya kahawa. Nikaandika, bila kusita, kwamba mkopeshaji atatoza gharama ya mashine. Katibu wao, mzee aliyekwisha kusoma mikataba mingi kuliko mimi, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hawa watatutozaje gharama ya mashine tuliyoinunua wenyewe?" Ndipo nikaona kwamba mzigo ule haukuwekwa juu ya mteja bali juu ya mali: mashine ilikuwa inawekwa dhamana, na deni lisipolipwa ingeweza kuuzwa. Tangu siku hiyo huwa natazama kwanza neno linalofuata. Likifuatwa na "for", kwa kawaida ni malipo ya huduma. Likifuatwa na "over", au na "on" kisha mali ikatajwa, shuku dhamana. Mikataba mingine hutenganisha dhamana iliyofungwa kwenye mali moja inayojulikana, kama mashine ile, na dhamana inayoelea juu ya mali inayobadilikabadilika, kama magunia yanayoingia na kutoka ghalani, na mkulima anayetia saini anastahili kuiona tofauti hiyo kwa maneno anayoyaelewa.

Mahakamani mzigo ni shtaka, na karatasi inayoubeba ni hati ya mashtaka. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kosa dogo hapa huonekana haraka. Mtu aliye mikononi mwa polisi bila kufunguliwa mashtaka ni mtuhumiwa. Akishasomewa shtaka ndipo anakuwa mshtakiwa. Kesi ya kugombea mpaka wa shamba kwa kawaida ni ya madai, na huko hakuna shtaka wala mshtakiwa, kuna mdai na mdaiwa.

Mzigo wa madaraka una neno lake zuri ambalo watafsiri wengi hulisahau, nalo ni mfawidhi: mganga mfawidhi, hakimu mfawidhi, jaji mfawidhi. Wodini watu husema "nenda kamwone inchaji" na wote wakaelewana, lakini katika barua rasmi mwandike muuguzi mfawidhi. Polisi wao wana mkuu wa kituo, na ubalozi usio na balozi huongozwa na kaimu balozi.

Kwenye umeme andika chaji, ila ujue kwamba neno hilo limebeba mambo mawili. Tunaposema simu haina chaji tunazungumzia nishati iliyokwisha. Mwalimu wa fizikia huzungumzia chaji chanya na chaji hasi, inayopimwa kwa kulombi, ile inayojitenga mawinguni kabla radi haijapiga. Betri ya simu ya miliampea-saa 5,000 ikitumika hadi mwisho hupitisha takriban kulombi 18,000, lakini chaji inayotoka ncha moja hurudi kwa ncha nyingine, kwa hiyo betri "isiyo na chaji" haijapoteza chaji yoyote kwa maana ya mwalimu. Ukitafsiri kitabu cha shule, usiruhusu maana hizi mbili zikae katika aya moja bila maelezo.

Zimebaki mbili za kupita haraka. Katika machimbo ya Chunya ni baruti inayoshindiliwa kwenye tundu la mwamba. Katika maelezo ya watalii wanaopitia Iringa kwenda Ruaha ni tembo anayekuja mbio kushambulia, au anayetishia tu kisha akasimama; hapo mzigo wa Kilatini hauonekani kwa urahisi, na sioni sababu ya kuulazimisha.

Ukitaka kujipima, chukua sentensi kama iliyonifikia kutoka zahanati moja ya Makete, ambayo katika Kiingereza ilitumia neno hilihili mara nne: mganga mfawidhi ahakikishe kwamba betri za sola zinachajiwa kila siku, na kwamba mgonjwa hatozwi chochote kwa kuchaji simu yake.