Kuuza mihuri ya mapambo kwenye maonesho: hatua kwa hatua, kutoka Mbeya

Ninachonga mihuri ya mpira, ile ya kupambia kadi, bahasha na mifuko, na sehemu kubwa naiuza kwenye maonesho. Marekani na Uingereza yapo maonesho ya mihuri mitupu, anayeingia tayari anajua anatafuta nini. Sisi tunapangwa kati ya muuza asali na muuza mbegu za mahindi kwenye Nanenane, viwanja vya John Mwakangale, na wapita njia wengi hawajawahi kuona muhuri wenye picha ya parachichi. Kuwaeleza kwa mdomo ni kazi bure. Mpe mtu muhuri abonyeze mwenyewe, hapo ndipo anapouliza bei. Yote yaliyomo humu yanalenga kuufikisha mkono wake kwenye muhuri.

Hatua ya 1: Chonga vinavyoeleweka kwa haraka

Michoro ya nyumbani ndiyo inayotoka: parachichi, tawi la kahawa, mkungu wa ndizi, tembo wa Ruaha, nyuki. Maua ya kigeni yenye petali nyingi yanasifiwa tu. Upande wa maneno, beba "Asante", "Hongera" na "Karibu". Msimu wa harusi na vipaimara ukikaribia, ongeza "Mwaliko".

Kwa mihuri midogo natumia ufutio mkubwa wa steshenari. Kwa mikubwa, soli ya kandambili nene inachongeka vizuri, mradi upande unaochonga uwe laini. Kama una mistari, usugue kwa msasa mpaka uwe tambarare. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, geuza karatasi ilalie mpira, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utahamia kwenye mpira ukiwa kinyume, na ndivyo unavyotaka, maana ukibonyeza utatoka sawa. Anayeandika "Asante" moja kwa moja juu ya mpira atapata neno lililogeuka.

Unapokata kandokando ya mstari, ncha ya kisu ielekee nje, mbali na mstari, ili mstari uwe mpana chini kuliko juu. Ukichimba kwa ndani, mstari unabaki bila mguu na utamung'unyuka kabla maonesho hayajaisha. Mgongo wa muhuri ni kipande cha mbao ya paini. Nyanda hizi zina paini mpaka basi, shamba la Sao Hill liko Mufindi hapo, na fundi seremala yeyote ana vipande anavyovichoma moto. Mwombe, piga msasa, gundisha. Juu ya kila mbao bonyeza mchoro uleule, ili mteja ajue kilichopo chini bila kugeuza.

Hatua ya 2: Jua usichochonga

Hutamaliza asubuhi kabla hajaja mtu kukuinamia na kunong'ona: "Kaka, unaweza kunitengenezea wa mwenyekiti wa mtaa?" Au wa shule, au wa zahanati. Jibu ni hapana, na lisiwe na maelezo marefu. Kughushi muhuri ni jinai, na anayeuchonga hayuko salama kuliko anayeutumia. Nembo ya taifa, ile ya bwana na bibi, nayo usiiguse hata kama mteja anasema ni ya kadi ya sherehe. Mimi nimeandika kibao kidogo mezani: "Mihuri ya mapambo na biashara yako mwenyewe." Kinapunguza minong'ono, ingawa hakiimalizi.

Hatua ya 3: Wino

Wino wa kawaida wa mihuri wa steshenari unakauka upesi kwenye karatasi inayonyonya: kaki, manila, karatasi za kutengenezwa kwa mkono kama zile za kinyesi cha tembo zinazotoka Neema Crafts, Iringa. Kwenye kadi zinazong'aa unabaki juu, na kidole cha kwanza kitauvuruga. Zipo pedi za wino mzito, wenye chembe za rangi, ambazo hukauka polepole lakini rangi yake haipauki upesi. Kwa meza ya maonesho anza na ule wa haraka. Hutaki mtu asimame anapuliza kadi wakati wengine wanasubiri zamu.

Mwezi wa nane Mbeya hauna mvua. Una upepo, baridi ya asubuhi na vumbi. Pedi ikiachwa wazi inakauka, na vumbi likiingia utaliona kwenye kila mchoro kama vidoa vyeupe. Funika kila baada ya kutumia. Usiku zihifadhi kichwa chini, wino ushuke kwenye uso wa pedi.

Kwa vitambaa tumia rangi ya kitambaa, ikaukie, kisha pasi ya moto juu yake. Usimuuzie mtu wino wa karatasi ukamwambia utastahimili kufuliwa.

Hatua ya 4: Panga meza kwa ajili ya mikono

Ukifika, angalia upepo unatoka wapi, ugeuze meza ili turubai likukinge. Bahasha na kadi zibanwe na vipande vya mbao. Mihuri ya kuuza ikae nyuma, upande wako. Mbele, karibu na mteja, weka mihuri ya kujaribia isiyozidi minne, kila mmoja umefungwa kamba ndefu kwenye mguu wa meza. Siwatuhumu watu, ila muhuri mdogo unaingia mfukoni bila mwenye mfuko kukusudia, hasa akiwa na mtoto mgongoni.

Chini ya karatasi ya kubonyezea weka magazeti kadhaa au kipande chembamba cha sponji. Meza ya mbao tupu ina mabonde usiyoyaona, na mchoro utatoka na mapengo. Mteja hatasema meza ni mbaya, atasema muhuri ni mbovu.

Hatua ya 5: Mbonyezeshe

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo usimwachie msaidizi aliyechoka. Mama anapita, anatupa jicho, anapunguza mwendo.

"Shikamoo mama. Karibu ubonyeze, ni bure."

"Marahaba mwanangu. Mimi kuchora sijui."

"Hapa hakuna kuchora, mama. Shika mbao, gonga kwenye wino, weka hapo, bonyeza, nyanyua."

Kisha nyamaza. Usimshike mkono, usimwonyeshe mara tatu. Makosa ya watu ni mawili: wanasugua muhuri kwenye pedi mpaka wino unajaa kwenye mashimo, na wanauyumbisha wakibonyeza kwa kudhani ndiyo utakolea. Ukiona anayumbisha, sema tu, "Moja kwa moja chini, mama, kisha juu." Karatasi ya kwanza ikiharibika mpe ya pili. Akinyanyua na tembo akatokea mzima, atacheka, atamwita aliyekuja naye. Acha aondoke na karatasi yake hata asiponunua. Nyuma yake uwe umeshabonyeza jina la biashara yako na kuandika namba ya banda. Karatasi hizo zinazunguka uwanjani na kukuletea watu.

Wanafunzi wanakuja kwa makundi, wana shilingi mia tano mia tano. Usiwafukuze. Kuwa na kadi ndogo za bei hiyo, na waambie wapange foleni. Foleni ya watoto wenye sare inawafanya watu wazima wasogee kutazama kuna nini.

Ukiwa na unga wa kuyeyusha, ule unaonyunyizwa juu ya wino mbichi na kunyanyua mchoro juu ya karatasi, unahitaji wino mzito usiokauka haraka na joto kali. Mashine ya kukaushia nywele inapeperusha unga kabla haujayeyuka. Banda lisipokuwa na umeme, jiko la mkaa linatosha: shikilia karatasi juu ya joto kwa koleo mpaka unga ung'ae, kisha ondoa mara moja. Jiko likae nje ya turubai, mbali na mapito ya watoto. Asubuhi ya baridi, nusu ya watakaokuzunguka wamekuja kuota moto. Si haba, mikono yao iko karibu na mihuri.

Hatua ya 6: Tembelea majirani kabla wateja hawajajaa

Wauza mihuri wengi hukosa hili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, muuza kahawa, muuza unga lishe na muuza sabuni wanafungasha kwenye kaki, na mifuko mingi haina jina. Kuchapisha dukani kunataka idadi kubwa ambayo mjasiriamali mdogo haiwezi. Muhuri mmoja unambonyezea mfuko leo, kesho na mwakani.

Nenda na sampuli. Omba mfuko wake mmoja mtupu, bonyeza nyuki au tawi la kahawa mbele yake, umwachie auweke mezani pake. Halafu zungumzeni jina na mchoro. Namba ya simu usikubali kuichonga kwa mkono kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, haitasomeka. Mwambie aiandike kwa kalamu au achukue kibandiko. Mweleze pia abonyeze mfuko ukiwa mtupu, kwa nje, kwa sababu wino huu si wa kugusana na chakula.

Oda ichukuliwe na advansi ya nusu, mchoro ukiwa umekubaliwa kwenye karatasi na sahihi yake. Mtu hubadili jina la biashara kati ya Jumatatu na Ijumaa kama mzaha.

Hatua ya 7: Bei na kufunga

Bandika bei kwenye kila kitu. Mimi huanzia shilingi 5,000 muhuri mdogo na 15,000 wa oda, na naacha nafasi kidogo ya "nipunguzie", kwa sababu itaombwa. Uwe na chenji ya noti ndogo tangu asubuhi, na lipa namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Jioni futa mihuri kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni. Petroli na thina zinaondoa wino, lakini zinaharibu mpira na kuachanisha gundi. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, mpira unakakamaa na kupasuka. Panga kwenye sanduku uso ukiwa juu, pedi kichwa chini, daftari la oda juu kabisa, kwa sababu hilo ndilo utakaloanza nalo kesho asubuhi.