Kuandaa maonyesho ya rangi moja yenye majaji: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Lamu

Mwongozo huu ni wa mtu au kikundi kinachotaka kuandaa maonyesho ya sanaa ya eneo zima, tuseme kuanzia Kiunga hadi Malindi, ambapo wasanii wanawasilisha kazi, majaji wanachagua, na kila kazi inafuata rangi moja. Mfano wangu ni nyeupe. Ndiyo rangi iliyotuzunguka Lamu: chokaa ya ukutani, kanzu, kofia, tanga la mashua. Tena ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo ukiiweza hii, buluu au nyekundu haitakushinda.

Naipenda aina hii ya maonyesho kwa sababu moja. Kwenye maonyesho ya kawaida, mchoro wenye rangi kali hulivuta jicho kabla ya kitu kingine, na mama aliyeshona kofia kwa miezi huwekwa pembeni kwenye meza ya "kazi za mikono". Ukiweka rangi moja, mama huyo, mchonga nakshi za chokaa na mchoraji wa turubai wanasimama mstari mmoja, na kinachopimwa ni mkono wa kila mmoja. Lakini faida hiyo hupotea sheria ya rangi isipoandikwa sawasawa. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Andika maana ya rangi kabla ya kutangaza chochote

Chukua vitu vinne: kipande cha chokaa iliyokauka, karatasi ya fotokopi, kitambaa cha marekani ambacho hakijafuliwa, na ubao uliopakwa rangi nyeupe ya dukani. Viweke mezani karibu na dirisha saa nne asubuhi. Utaona chokaa imeelekea kwenye umanjano, marekani ina rangi ya krimu, na karatasi inakaribia ubuluu kwa sababu viwanda huitia dawa ya kung'arisha. Rangi ya dukani, ambayo mara nyingi msingi wake ni titani, itakuwa kali na baridi. Zote nne watu huziita nyeupe.

Tofauti hizo ndizo zinazowapa wasanii nafasi ya kucheza. Mwaka 1918 mchoraji Kazimir Malevich alichora mraba mweupe juu ya uwanja mweupe, na mchoro huo leo uko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York. Mraba wenyewe umeelekea ubuluu, uwanja una joto zaidi, na pengo hilo dogo ndilo linalokufanya uuone. Kwa hiyo usiwabane wasanii kwenye nyeupe moja. Wape mpaka unaopimika. Mimi huandika hivi:

"Kazi itahesabiwa kuwa nyeupe ikiwa mtu ambaye hajaambiwa mada, akisimama hatua tano mbele yake, ataitaja nyeupe kuwa ndiyo rangi yake. Kivuli, rangi ya asili ya mti au uzi, na alama ndogo ya rangi nyingine vinaruhusiwa."

Ijaribu sheria yako kwa watu watatu wasiohusika kabla ya kuichapisha. Waonyeshe kofia yenye uzi wa rangi ya maziwa, kisha picha ya punda mweupe kwenye kichochoro chenye kivuli. Wakibishana kuhusu kitu kimoja, rekebisha maneno hapo hapo, maana wasanii watabishana zaidi.

Hatua ya 2: Andika pia kisichoingia

Hatua hii waandaaji wengi huiruka, na kwa nyeupe ni hatari kuiruka.

Pembe za ndovu. Ni nyeupe, ni nzuri, na nyumba nyingine za zamani bado zina vipande. Biashara yake Kenya ni kosa la jinai, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Andika wazi kwamba haipokelewi hata ikiwa ni urithi wa babu. Siwa ya pembe, yaani baragumu kubwa la sherehe, iliyoko Makumbusho ya Lamu inatosha kutuonyesha mababu walifanya nini na pembe.

Matumbawe na kombe zilizotolewa baharini zikiwa hai. Zikatae. Jiwe la matumbawe kutoka kwenye ukuta uliobomoka wa nyumba ya mtu mwenyewe ni jambo jingine, lakini magofu ya kale yanalindwa na sheria, na jiwe la Takwa au Manda lisiguswe.

Vigango. Ukishirikisha wasanii wa upande wa Malindi na Kilifi, kuna siku mtu ataleta nguzo ya mti iliyopauka kwa jua. Hiyo huenda ni kigango. Vigango vya Wagiriama ni nguzo za mti zilizochongwa, na huwekwa kwa ajili ya roho za wazee wa Gohu, chama cha siri cha wazee wenye heshima. Vimeibwa na kuuzwa ng'ambo kwa miaka mingi, na baadhi vimerudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani. Usikipokee, hata kwa kuonyesha tu. Hando la Kigiriama, ile sketi ya marinda ya wanawake, lililoshonwa na mwenye ujuzi, hilo lipokee kwa mikono miwili.

Sanda. Nyeupe kwetu ni rangi ya Ijumaa na ya ihramu, na pia ni rangi ya maiti. Msanii ana haki ya kusema juu ya kifo, nami singemzuia. Ila fomu imtake aeleze mapema kama kazi yake inatumia sanda au kuiigiza, ili uchague pa kuiweka na uzungumze na wazee kabla ya siku ya ufunguzi.

Hatua ya 3: Mahali na tarehe

Lamu, ukumbi unaofaa zaidi ni Ngome. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza hadi 1984, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Malindi kuna Nyumba ya Nguzo. Omba kwa barua, mapema, na uambatishe mchoro wa namna utakavyotundika kazi, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni la misumari. Mji Mkongwe wa Lamu ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Ukuta wake hautobolewi kwa ajili ya maonyesho ya wiki mbili.

Kuhusu tarehe, epuka masika, Aprili hadi Juni: kuta za mawe hutoa unyevu na karatasi huota ukungu. Bahari ya Kusi, msimu wa upepo wa kusini, nayo huwasumbua wanaoleta kazi kwa mashua kutoka Kizingitini na Faza. Kaskazi tulivu, Desemba hadi Februari, ndiyo nzuri. Kisha tazama kalenda ya Kiislamu, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11, uone Ramadhani imeangukia wapi. Mfunguo Sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa watazamaji, lakini vyumba na mashua hujaa vilevile, na washona kofia wanakuwa na oda zao. Mimi ningeuacha.

Hatua ya 4: Wito na picha za kutuma

Toa wito angalau miezi minne kabla. Mchoraji anaweza kumaliza kwa wiki mbili. Kofia ya vito, ile inayoshonwa kwa matundu madogo madogo, haiwezi.

Tangaza kwenye makundi ya WhatsApp na redio, sawa, lakini usiishie hapo. Washona kofia hufanya kazi nyumbani, na wengi hawajioni kuwa wasanii. Mtume mwanamke anayejulikana mtaani, aende Siyu, Pate na Matondoni akiwa na fomu ya karatasi, aisome kwa sauti na kuwajazia wanaotaka. Fomu iwe ukurasa mmoja: jina, simu, mahali, kazi imetengenezwa kwa nini, vipimo kwa sentimita, uzito, bei au "haiuzwi". Weka pia sentensi inayosema hakimiliki inabaki kwa msanii na waandaaji wataitumia picha kutangaza maonyesho haya tu.

Halafu picha. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukiielekeza kwenye kitu cheupe, inakitia kiza, na kofia safi inatoka kama imevaliwa mwaka mzima. Kwa hiyo tuma maelekezo haya pamoja na fomu:

1. Piga nje kwenye kivuli, kabla ya saa tano asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Usitumie flashi.
2. Weka nyuma kitu cha kijivu au gunia, kamwe si shuka jeupe.
3. Gusa kazi kwenye skrini ya simu, kisha sukuma alama ya jua juu mpaka nyeupe ifanane na unayoiona kwa macho, lakini nyuzi zisipotee.
4. Piga picha tatu: nzima, ya karibu, na ya ubavuni ambapo mwanga unapita juu ya kazi.

Asiye na simu nzuri apigiwe na mjumbe wako. Usimkose fundi kwa sababu ya kamera.

Hatua ya 5: Majaji

Watatu au watano, idadi isiyogawika kwa mbili. Awepo mchoraji au mwalimu wa sanaa, awepo fundi mkongwe wa nakshi au wa kofia, na mmoja atoke nje ya kaunti. Ukijaza wachoraji peke yao, watachagua michoro.

Kila kazi ipewe namba, majina yabaki kwa karani mmoja. Hata hivyo mji wetu ni mdogo, na jaji atautambua mkono wa shemeji yake hata bila jina. Kwa hiyo aandike kabla ya kuanza: kazi ya jamaa, mwanafunzi au mshirika wa biashara sitaipa alama. Wastani utatoka kwa waliobaki.

Alama zangu ni 100: 40 za ufundi wa mkono, 30 za matumizi ya nyeupe yenyewe, 30 za wazo. Kila jaji ajaze peke yake, kimya. Mazungumzo yaje baadaye, na yahusu tu kazi ambazo alama za majaji zimepishana kwa zaidi ya 25. Mkianza na mazungumzo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua.

Duru ya kwanza ni kwa picha, na kazi yake ni kuondoa tu zisizotimiza sheria. Duru ya pili lazima kazi iwe mezani. Kofia igeuzwe ndani nje: tazama fundo za uzi zimefichwa wapi, matundu yanalingana ukubwa, na tabaka mbili za kitambaa hazikuvutana. Kwenye nakshi za chokaa, tazama chini ya mkato, pale kivuli kinapokaa. Mkato wa fundi una sakafu safi na ukingo mmoja. Wa mwenye haraka una vumbi na ukingo uliomeguka, halafu umefunikwa kwa koti la rangi. Kwenye mchoro, uliza kama nyeupe zake zinasemezana au ni turubai lililoachwa tupu.

Hatua ya 6: Kupokea na kushika

Kazi za Malindi zitakuja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha mkokoteni au punda. Waambie wasanii wafunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, halafu plastiki, halafu boksi. Gazeti lisiguse kazi, wino wake hubaki.

Mezani weka beseni, sabuni na taulo. Atakayeshika kazi aoshe mikono na kuikausha. Mwenye hina mbichi asishike kabisa, wala aliyetoka kupaka udi wa mafuta. Mbele ya aliyeleta, piga picha kila kazi na uandike dosari iliyonayo tayari. Msaini wote wawili.

Hatua ya 7: Kutundika na kuwasha

Nyeupe juu ya ukuta wa chokaa humezwa. Tengeneza paneli za mbao nyepesi zinazosimama zenyewe, uzipake kijivu cha wastani au uzivike gunia. Nyeusi usitumie, hukifanya kila kitu kionekane sawa. Kazi nyepesi zitundike kwa mshipi wa kuvulia kutoka kwenye boriti, ukiwa na ruhusa ya wenye jengo. Acha upana wa vidole viwili kati ya kazi na ukuta ili hewa ipite.

Taa ndiyo nusu ya maonyesho. Mafundi wa kale walilijua hili. Zidaka za nyumba za Lamu, yaani vishubaka vya ukutani vyenye nakshi za chokaa, ziko kwenye chumba cha ndani, ambako mwanga unaofika ni ule unaotoka uani, mdogo na wa upande mmoja, na ndio unaoinua nakshi. Ukizimulika taa kutoka mbele, nakshi zinafutika. Kwa kazi zenye mchongo au mshono, taa iwe ubavuni, ipite juu ya uso wa kazi. Kwa michoro bapa, itoke juu, iinamishwe kidogo ili isirudi machoni. Balbu zote ziwe za aina moja: ukichanganya ya manjano na ya buluu, umeibadilisha rangi ya msanii bila idhini yake. Nenda ukazitazame kazi saa mbili usiku na tena asubuhi kabla ya kufungua.

Kibandiko kiwe na jina la msanii kwa herufi kubwa, kazi imetengenezwa kwa nini, mahali na bei. Mshona kofia wa Siyu aandikwe jina lake kamili, sawa na mchoraji.

Hatua ya 8: Mauzo na kurudisha

Waandaaji wasikate zaidi ya asilimia 25, na kiwango hicho kiwe kwenye fomu tangu mwanzo. Lipa kwa M-Pesa ndani ya siku saba baada ya kufunga, ukimtumia msanii jina la kazi na bei iliyouzwa. Zisizouzwa zirudishwe kwa gharama yenu, kwa vitambaa vilevile, zikilinganishwa na picha za siku ya kupokea. Msanii asaini kwamba ameipokea kazi yake ikiwa salama. Na wale ambao kazi zao hazikuchaguliwa wapelekee alama zao na mistari miwili ya maelezo kutoka kwa majaji, bila kungoja waulize.