Dabo kama kazi: pa kuanzia ukiwa Mwanza

Uwanja wa tenisi wa singo (mmoja kwa mmoja) una upana wa mita 8.23, wa dabo (wawili kwa wawili) mita 10.97. Watu wameongezeka maradufu, nafasi imeongezeka mita 2.74 tu. Ndiyo maana kwenye dabo mbio hazikusaidii sana. Pointi nyingi zinaisha wavuni, na kocha anayekuchezesha dabo ukiwa nyuma muda wote anakupotezea miaka.

Anayeanzisha, yaani anayepiga servisi, asimame kati ya alama ya katikati na mstari wa nje. Mpira wa kwanza aulenge pale mistari ya servisi inapokutana katikati, upande wa wapinzani, hata kwa robo tatu ya nguvu, kwa sababu ukirudi kutoka hapo unakosa pembe. Mwenzake anasubiri wavuni, katikati ya boksi la servisi, mkono mmoja mgongoni: ngumi maana yake nabaki, kiganja wazi navuka kwenda upande wako kukatiza mpira.

Kuvuka ndiko kunakowashinda wengi. Wanaondoka mapema, mpokeaji anawaona, mpira unapita kwenye kichochoro walichokiacha. Ondoka pale raketi yake inapoanza kuja mbele, asiweze tena kubadili mawazo. Tena usikimbie sambamba na neti. Ifuate kimshazari, uukute mpira ukiwa bado juu. Ukishavuka, usirudi. Aliyeanzisha ndiye anayehamia upande uliouacha wazi. Mkigongana, au mkiacha pengo, jua mmoja wenu hakusoma ishara.

Kisha kuna upepo wa ziwa. Mchana huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, na uwanja ulio karibu na ufuko, tuseme upande wa Capri Point, unaupata wote. Watu wengi hawajui kwamba ndani ya seti moja kila mchezaji wa dabo huanzisha kutoka upande uleule wa neti. Kwa hiyo pangeni zamu mapema: mwenye servisi dhaifu apewe upepo mgongoni, mwenye nguvu aanzishe akiukabili na asirushe mpira juu sana. Seti mpya ikianza mnaruhusiwa kubadili.

Kwenye ziara za mashindano ya kulipwa, gemu ikifika sare ya 40–40 huchezwa pointi moja tu ya kumaliza, na wanaopokea ndio wanaochagua nani apokee. Seti zikiwa 1–1, badala ya seti ya tatu huchezwa taibreki, kipande kifupi cha kuamua mshindi, ya pointi 10. Ifanyieni mazoezi kila wiki. Humo hamna muda wa kupata moto.

Ili kuingia kwenye mashindano ya kulipwa, jisajili ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) upate IPIN, namba ya utambulisho wa mchezaji. Umri wa chini ni miaka 14. Nafasi za dabo hugawiwa kwa kujumlisha viwango vya wote wawili, kwa hiyo mwenzi mwenye kiwango kizuri anakufungulia mlango. Mwenzi wa kudumu ni bora zaidi. Bob na Mike Bryan wa Marekani, mmoja wa mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, walishinda mataji 119 pamoja kabla ya kustaafu mwaka 2020.

Pesa ya mwanzo ni ndogo mno. Zawadi yote ya shindano la M15, ngazi ya chini ya wanaume, ni dola 15,000, dabo hupata kipande chake, nanyi mnagawana. Wengi hucheza singo pia ili safari ilipe. Mkienda Nairobi kwa basi kupitia Sirari, raketi zikae nanyi ndani. Joto la buti hulegeza nyuzi, na voli (mipira mnayopiga kabla haijadunda) zitaanza kutoka nje bila ninyi kuelewa kwa nini.